Tupeane uzoefu: ulijuaje kama ujumbe wa wimbo, ngonjera au hotuba umefika?

Mwl_wa_Ziwani

Habari za jioni, wakuu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiitwa kuwa jaji wa kwaya na ngonjera za shule. Kuna jambo limenikaa moyoni, nalieleza ili nanyi mtoe ya kwenu.

Karatasi yetu ya alama ilikuwa na sauti, mavazi, nidhamu jukwaani na ujumbe. Ujumbe peke yake alama 30. Majaji tunawekewa mezani maneno ya wimbo yaliyochapwa, tunafuata mstari kwa mstari huku watoto wanaimba.

Mwaka mmoja, kule Ilemela, shule moja ikaja na wimbo wa kichocho. Sare za bluu, mistari imenyooka, sauti ya pili inaingia kwa wakati wake. Nikawapa 28. Wakati wa mapumziko nikaenda kunywa uji kwa mama mmoja nje ya uzio, ambaye alikuwa amesikia kila kitu kwenye spika. Nikamuuliza, wale wa bluu wameimba nini? Akajibu bila kusita, "Wamesema tuchemshe maji ya kunywa, mwalimu."

Nikarudi kuisoma ile karatasi. Ubeti wa kwanza konokono. Wa pili vijidudu vinavyopenya ngozi mtu akioga au kufua ziwani. Wa tatu matumizi ya choo. Kuchemsha maji kulikuwa kwenye kiitikio tu, lakini kiitikio kilirudiwa mara nane, tena kwa sauti zote nne. Mabeti yaliimbwa haraka haraka na msichana mmoja aliyesimama mbali na maikrofoni.

Sasa fikirieni. Kichocho humwingia mtu kupitia ngozi, akiwa ndani ya maji. Mama yule alibaki na sufuria yake ya maji yaliyochemka akiamini yuko salama, na jioni mwanawe akashuka ziwani kuoga kama kawaida. Zile 28 niliipa karatasi, wimbo wenyewe sikuusikia. Tangu siku ile nageuza karatasi kifudifudi, nasikiliza kwanza, naandika nilichokielewa, ndipo naifunua.

Karibuni.

Sauti_ya_Tatu_Igoma

Mwalimu umegusa penyewe. Kwaya yetu ilitunga wimbo wa usalama barabarani, mwenye kutunga akaupachika kwenye mahadhi ya ngoma ya Kisukuma. Mahadhi matamu kweli. Mstari wenyewe: "Mtoto angalia barabara." Ile ya magari mkazo wake uko kwenye silabi ya tatu, ba-ra-BA-ra. Mahadhi yakatulazimisha kuvuta ya pili, ba-RA-ba-ra, na hapo maana yake ni sawasawa, vizuri. Mzee mmoja akatuuliza tulipomaliza: "Vijana, mnataka mtoto aangalie nini vizuri?" Tulikuwa tumeimba wimbo huo miezi minne, kila mahali tunapigiwa makofi. Ilibidi kubadilisha mahadhi, maana maneno tusingeweza kuyahamisha.

Mjukuu_wa_Manju

Wabeja sana, yaani asanteni, kwa uzi huu.

Kwetu Kisesa kipimo ni cha zamani. Kwenye Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma pale Bujora, makundi mawili hasimu ya ngoma, Bagika na Bagalu, yanacheza wakati mmoja, kila kundi upande wake, na mwenye kuvuta watu wengi ndiye mshindi. Watu wanahama kwa miguu yao, hakuna cha karatasi.

Ila marehemu babu yangu, aliyekuwa manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma, hakutosheka na hesabu ya umati. Alisema watu wanaweza kuja kwa ajili ya nyoka wanaochezwa nao au kwa ajili ya mtu anayeruka. Kesho yake asubuhi alinituma kisimani na ndoo ndogo. Kazi yangu ilikuwa moja, kusikiliza akina mama wanaimba mstari gani wakati wanachota. Nikirudi namwimbia. Kama ni mstari alioukusudia, anaitikia kwa kichwa na kuendelea na ugoro wake. Siku moja nikamletea mstari wa kejeli aliouweka kuchekesha tu, na ule wa kuonya watu wasiuze chakula chote wakati wa mavuno hakuna aliyeushika. Alikaa kimya mpaka mchana. Msimu uliofuata ule wa kejeli aliutoa kabisa.

Mwl_wa_Ziwani

@Mjukuu_wa_Manju, hiyo ya ndoo kisimani nitaifanyia kazi. Jumatatu nitasikiliza watoto wanaimba nini kwenye foleni ya bomba.

Bintiwa_Nansio

Mimi naomba kupinga kidogo. Si kila wimbo upimwe kwa kumuuliza mtu umesema nini. Tulipomzika baba huko Ukerewe, kwaya iliimba Kiswahili kitupu, na bibi yangu Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji, alijua Kikerewe. Hakuna ubeti ambao angeweza kuueleza. Lakini tangu asubuhi alikuwa hajalia, na walipoingia wale wa sauti ya nne akalia, akashikwa mikono, na jioni akakubali kula. Ungempa alama ngapi pale?

Mwl_wa_Ziwani

Pole sana dada. Hapo sina alama. Mimi nasema juu ya nyimbo zinazomtaka mtu afanye jambo nyumbani kwake.

Nahodha_Mstaafu

Basi niongeze ya hotuba. Sisi watu wa ziwa hatujasahau meli ya MV Bukoba ilivyozama, Mei 21, 1996, kwa hiyo mtu akija mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, kuzungumzia jaketi okozi tunakaa kumsikiliza. Alikuja ofisa mmoja, akasema karibu saa nzima, Kiswahili safi, watu wanaitikia "ndiyo" kila anaponyamaza. Akauliza, tumeelewana? Tukasema tumeelewana.

Mzee mmoja wa dagaa akainuka, akachukua jaketi moja pale mezani, akampa kijana aliyekuwa anaitikia kwa sauti kuliko wote. "Vaa tuone." Kijana akalivaa, akafunga mkanda wa juu, akasimama wima. Mkanda wa chini ukawa unaning'inia. Mzee akalishika mabegani na kulivuta juu, likampita usoni, likabaki mikononi mwa mzee.

Yule ofisa alilitazama, akaweka karatasi zake chini, akaanza upya na mkanda wa chini.