Kompyuta inamsaidia msanii, au inafikiri badala yake?

Mtoa mada:
Wadau, hoja ya "mashine zinaua sanaa" tuiweke kando kidogo. Ninachouliza ni hiki: kompyuta inasaidia ubunifu mahali gani hasa? Jibu langu: kwenye kukosea. Mimi hubuni mabango, na kitufe ninachokipenda kuliko vyote ni tendua, kile kinachofuta ulichofanya mwisho. Enzi za wino, tone moja likidondoka umeanza upya. Sasa najaribu rangi arobaini, thelathini na tisa nazitupa, na hakuna karatasi iliyoharibika. Ndiyo njia aliyoifungua Ivan Sutherland pale chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1963 kwa programu yake ya Sketchpad: unachora mstari kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga, kisha unausogeza na kuunyoosha upendavyo. Mashine haikumchorea mtu. Ilikubali kusahihishwa tu. Anayepinga aje na hoja.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, nakubali nusu. Kosa likishakuwa bure, mtu hamalizi kitu. Narekodi muziki, na nina wimbo mmoja wenye matoleo kumi na saba, hakuna hata moja nililothubutu kusema "basi, huu umeiva". Mtunzi wa shairi ana vina na mizani. Vinambana, na kule kubanwa ndiko kunakomfanya atafute neno ambalo asingelifikiria. Programu yangu hainibani popote. (Najua, tatizo linaweza kuwa mimi.)

Mchangiaji wa pili:
Mimi naona wote mmepita pembeni. Tazameni Auto-Tune. Aliyeibuni, Andy Hildebrand, alitoka kwenye kazi ya kuchambua mawimbi ya ardhini katika utafutaji wa mafuta, na programu ilipotoka mwaka 1997 lengo lilikuwa kunyoosha sauti iliyopotoka kimyakimya, msikilizaji asijue. Waimbaji wakaisukuma mpaka mwisho, sauti ikawa kama ya roboti, na mtindo mzima ukazaliwa. Hapo kompyuta haikusamehe kosa wala haikumbana mtu. Ubunifu ulikuwa kuitumia vibaya kwa makusudi.

Mchangiaji wa tatu:
Mtoa mada anakwepa moto. Tuzungumzie akili mnemba. Mwaka 2022 Jason Allen alishinda kitengo cha sanaa ya kidijitali kwenye maonyesho ya jimbo la Colorado kwa picha iliyotoka Midjourney, programu ya akili mnemba inayotengeneza picha kutokana na maelekezo unayoiandikia. Alisema aliandika na kurekebisha maelekezo si chini ya mara 624. Mwaka uliofuata Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ikakataa kuisajili, kwa kuwa hakukubali kuziacha nje ya maombi sehemu zilizotengenezwa na mashine. Sasa nijibu: wewe unatupa rangi thelathini na tisa unajiita mbunifu. Yeye katupa mamia. Kwa kipimo chako, si msanii kukuzidi?

Mtoa mada:
Umenibana, na sitajifanya sijabanwa. Kutupa peke yake hakutoshi, nafuta hiyo. Mnamkumbuka Harold Cohen? Alikuwa mchoraji wa brashi kabla ya kugusa kompyuta. Tangu miaka ya 1970 hadi alipofariki mwaka 2016 aliijenga programu yake, AARON, na kanuni za kuchora aliziandika mwenyewe. AARON ikichora ovyo, alikuwa na kanuni zake za kurudia na kuzibadilisha. Mimi pia, bango likinikera, najua ni herufi ipi imesogea. Wa mara 624 anabadilisha maneno, kisha anarusha dado upya. Kusahihisha ni kujua kosa liko wapi. Kubahatisha tena ni kitu kingine.

Mchangiaji wa kwanza:
Hapo sasa nakuelewa.

Mchangiaji wa tatu:
Mimi bado. Mpiga picha anayemvizia ndege arukaye anabonyeza mara mia sita, anachagua moja. Ndege hakumchora yeye, mwanga hakuupanga yeye, na hawezi kurudi kumrekebisha bawa. Naye anarusha dado?

Mtoa mada:
Yule alijua asimame wapi, na saa ngapi.

Mchangiaji wa tatu:
Na aliyeandika maelekezo mara 624 hakujua anatafuta nini?

Mtoa mada:
Nipe mpaka kesho.