Nyaya za mashine za gereji: plastiki chini ya zege, paipu ya chuma au kebo ya deraya?

MwenyeGereji
Wakuu, salaam. Nafungua gereji na nimekwama kwenye umeme. Mashine ambazo hazitahama ni lifti mbili za nguzo mbili, kompresa ya fezi tatu ya kilowati 7.5, mashine ya kufungulia matairi, ya kubalansi, na ya kuchomelea. Kuta ni za tofali, paa liko juu sana, na sakafu bado haijamwagwa zege. Nimeita mafundi watatu, nimepata majibu matatu. Wa kwanza anataka tuzike paipu za plastiki kabla ya zege, kila mashine nyaya zitokee miguuni pake. Anasema ni nafuu na hakuna kitakachoonekana. Wa pili anataka paipu za chuma ukutani. Wa tatu anataka kebo ya deraya, ile iliyovikwa nyuzi za chuma chini ya ngozi ya nje, mwanzo hadi mwisho. Nimsikilize nani?

WayaNaJasho
Wa kwanza mwambie asubiri. Lifti ya nguzo mbili inashikwa na bolti zinazoingia ndani ya zege, na matundu yake yanatobolewa baada ya zege kukauka. Mimi niliwahi kuzika kama anavyotaka yeye. Kila kitu kilipimwa, kila paipu ilikaa mahali pake. Miezi michache baadaye mwenye gereji akaona magari marefu yanagusa ukuta, akataka lifti isogezwe nusu mita. Tunatoboa tundu la tatu, mlio wa drili ukabadilika, vumbi la kijivu likaanza kutoka na chenga nyeupe za plastiki. Breka ilikuwa imezimwa, ndiyo maana leo naandika hapa. Waya uliokufa chini ya zege huwezi kuuvuta ukiwa umebanwa. Tulipitisha mpya juu, kazi ikafanywa mara mbili.

DadaVolti
Naongezea kitu ambacho mafundi wa majumbani hawakizingatii. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara 3 hivi au zaidi. Yakimwagika mafuta wakati wa kufungua tangi, mvuke hautafuti dirisha, unalala sakafuni na kuteremkia kwenye shimo. Kanuni za umeme za Marekani, NEC kifungu cha 511, zinahesabu eneo la kuanzia sakafuni hadi inchi 18 (kama milimita 450) kuwa la hatari kwenye gereji ya matengenezo makubwa ambayo hewa yake haibadilishwi vya kutosha. Angalia kanuni za kwenu zinasemaje, lakini fizikia ni ileile. Swichi, soketi na kontakta (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme) hutoa cheche, kwa hiyo zipandishe. Na paipu inayotokea sakafuni bila kuzibwa vizuri inakuwa barabara ya mvuke kwenda moja kwa moja kwenye boksi la breka.

Kama utapokea magari ya gesi asilia, geuza hesabu: gesi hiyo ni nyepesi, inapanda darini. Hapo hata taa za juu zinahitaji kufikiriwa upya.

FundiMpole
Plastiki isitukanwe bure jamani. Haishiki kutu, inakatwa kwa msumeno wa mkono, na kwa taa na soketi za ofisini sitaki kingine. Ila karibu na mashine siitetei. Cheche za kuchomelea zinaitoboa, na siku jeki ikiteleza ikapiga ukuta, inapasuka. Na joto nalo: kipande cha mita 3 kikipata tofauti ya nyuzi 30 kinarefuka kama milimita 6, kwa hiyo ukikibana ncha zote mbili kinapinda kama upinde. Wengi tunasahau kuweka kiungo cha kurefukia, na mimi nimo.

WayaNaJasho
@FundiMpole hapo nakupa mkono.

Sasa paipu ya chuma. Ni ngumu kuifanyia kazi, tusidanganyane: kukata, kuchonga nyuzi, kukunja, na kila ukikata unabaki ukali ndani. Fundi mvivu haupigi tupa, anavuta waya hivyohivyo, ngozi ya waya inachunika, na kosa linajitokeza mwaka wa pili. Lakini ikipigwa tupa na kuwekewa bushi (pete laini ya kulinda waya) mwishoni, hakuna kitu gerejini kitakachoishinda. Mambo mawili tu. Nyaya za sakiti moja, fezi zote na nyutro yake, zipite paipu moja. Ukizitenganisha chuma chenyewe kinapata joto. Na ethi vuta waya wake wa kijani na manjano ndani, usitegemee paipu peke yake, maana viungo hulegea.

KeboNene
Mimi natetea wa tatu, lakini si kwa gereji nzima. Kompresa yako itakaa wapi? Watu wenye akili wanaiweka nje kwenye kibanda chake, kelele zikae huko. Kwa safari hiyo kebo ya deraya haina mpinzani: unaizika kwa kina kinachotakiwa au unaibana ukutani, haihitaji paipu. Kasoro yake iko kwenye ncha. Glandi, kile kiungo kinachobana ncha ya kebo kwenye boksi, isipokazwa sawasawa, nyuzi za deraya zinakuwa mapambo tu, hazibebi ethi. Nimefungua boksi moja nikakuta nyuzi zimekatwa fupi kwa unadhifu kabisa, hakuna hata moja iliyoingia kwenye koni ya glandi inayozibana. Na usiikunje kama waya wa pasi. Kona yake iwe na nusu kipenyo kisichopungua mara 6 ya unene wa kebo.

Kingine, usiifikishe kavukavu kwenye mota inayotikisika. Ishie kwenye aisoleta (swichi ya kuitenga mashine na umeme) ukutani, kisha paipu laini ya chuma iliyovikwa plastiki, nusu mita hivi, ikiwa na ulegevu kidogo.

MwenyeGereji
Nashukuru sana. Kwa hiyo wote watatu wana hoja mahali fulani? Nimechora hivi: trei ya chuma izunguke ukutani juu ya vichwa, kila mashine ishushiwe paipu ya chuma hadi aisoleta yake kimo cha kifua, mwisho paipu laini. Deraya kwa kompresa. Lifti zilizo katikati ya chumba?

DadaVolti
Zishushie kutoka juu kwenye nguzo yenye mota. Lifti nyingi mota iko juu ya kimo cha kiuno, kwa hiyo huna sababu ya kugusa sakafu. Aisoleta iwe ya kufungika kwa kufuli, mtu akiwa anarekebisha mnyororo, mwenzake asiwashe.

KeboNene
Usisahau breka ya kompresa. Kilowati 7.5 kwa volti 400 ni kama ampea 15 ikishakolea, lakini ikiwashwa moja kwa moja inavuta mara 6 au 7 kwa muda mfupi. Breka ya kawaida ya nyumbani itaanguka kila asubuhi na utamlaumu fundi. Weka breka aina ya D, inayovumilia mvuto huo wa kuwasha, au stata ya nyota-delta, inayoiwasha mota kwa nguvu ndogo kwanza.

MwenyeGereji
Mrejesho: fundi wa kwanza ameusoma uzi huu kwenye simu yangu, akanyamaza, kisha akauliza kama kazi ya taa na ofisi bado ni yake. Nimempa.