Kibali cha kazi cha Klasi D: Mkenya wa kurithi kazi ya falsafa ya Kiyunani nitamtoa wapi?

Kutoka: Mtafiti, Kisumu (kwetu Bukoba)

Hamjambo ndugu zangu. Zimebaki siku kumi na moja pasi maalumu yangu, ile ruhusa ya muda ya kukaa Kenya, iishe, na jana ofisi ya utumishi ya chuo kilichoniajiri imenirudishia Fomu 25, ya kuombea kibali cha kazi, kwa mara ya pili. Kosa langu: sijajaza jina la Mkenya atakayejifunza kazi chini yangu ili baadaye airithi. Kazi yenyewe ni utafiti wa falsafa ya Ugiriki ya kale, mkataba wa miaka miwili, hasa Aristotle. Tangazo lilikaa wiki sita, na mwombaji anayesoma Kiyunani nilikuwa peke yangu. Ndiyo maana wakanichukua. Leo wananiambia mrithi nimtafute mwenyewe! Kumsoma Aristotle kwa lugha yake bila kushikwa mkono ni miaka ya kukaa chini, si semina ya wiki.

Kilichoniumiza zaidi, afisa wa ofisi hiyohiyo kaandika pembeni ya andiko langu kwamba rejea zimepitwa na wakati, kwa kuwa nimetaja toleo la Aristotle la Bekker, mhariri Mjerumani, la 1831. Jamani, kurasa za Bekker ndizo dunia nzima inamtajia Aristotle mpaka leo. Ukiandika 1094a, yaani ukurasa wa 1094 safu ya kwanza, msomaji wa Berlin na wa Kampala wanafungua mahali pamoja. Nilirudi nyumbani nikalia.

Swali langu: nani ameshajaza kipengele hicho kwenye fani isiyo na watu? Uliandika nini?

Kutoka: Mhasibu, Nakuru

Pole sana dada. Mimi tulijaza jina la kijana wa ofisini, ikapita. Lakini unahangaika nini? Sisi ni EAC, Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja inafanya kazi tangu Julai 2010. Unaomba kibali ndani ya siku 15, wanakupa ndani ya 30.

Kutoka: Mzee wa Kondele

Soma kabla hujawashauri watu. Ni siku 15 za kazi, na zinahesabiwa tangu mkataba ulipofungwa, si tangu siku uliyokumbuka kuomba. Na itifaki haikufuta kibali. Mpwa wangu alikwenda dirishani na itifaki mkononi, akaulizwa kibali kiko wapi. Binti, ulisaini lini?

Kutoka: Muuguzi, Kakamega

Shikamoo Mzee. Dada, CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu, wameshakupa ulinganifu wa PhD? Mimi vyeti ndivyo vilivyonikondesha, miezi saba nikaishi kwa mkopo wa shemeji. Na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya sayansi?

Kutoka: Mtafiti, Kisumu

Shikamoo Mzee. Nilisaini tarehe 3 mwezi uliopita. CUE ninayo, NACOSTI ninayo. Kilichobaki ni mrithi tu.

Kutoka: Mwalimu, Siaya

Mimi nipo jirani na Ugenya alikozaliwa mwanafalsafa wetu Odera Oruka, 1944. Yeye aliwafuata wazee wenye hekima, akina Paul Mbuya Akoko, akawahoji na kuandika walichofikiri. Waliosema asiyeandika si mwanafalsafa walikumbushwa Socrates, ambaye hakuandika hata mstari. Tunamjua kwa Plato na Xenophon. Basi dada, tafuta mwanafunzi anayefanya utafiti wa wazee wa Kijaluo, mjaze huyo. Atajifunza Kiyunani kwako, na wewe utajifunza kwake. Huku kuna vijana wenye kiu ya haya mambo kuliko ofisi zinavyodhani.

Kutoka: Mhasibu, Nakuru

Wazo zuri, ila watataka vyeti vya huyo mrithi. Mwanafunzi asiye na shahada ya pili watamkataa.

Kutoka: Mwalimu, Siaya

Sikusema wa mwaka wa kwanza. Soma vizuri.

Kutoka: Mzee wa Kondele

Marahaba wanangu, na msigombane. Mimi hili linaniuma kwa jambo jingine. MV Victoria iliunganishwa hapahapa Kisumu, ikaanza kazi 1961. Nikiwa mdogo tulipanda hapa tukashukia Mwanza, na hakuna aliyemuuliza baba nani atairithi kazi yake. 1977 Jumuiya ikavunjwa, meli zikagawanywa kama vyombo vya wanandoa walioachana. Jumuiya imerudi, mabango yamerudi, lakini ziwa bado lina milango.

Kutoka: Mtafiti, Kisumu

Mzee umenigusa. Jioni huwa nakwenda Dunga nikatazame maji, nawaza upande wa pili mama anakaanga senene. Msimu ndio huu, na mwaka wa tatu sijawaonja. Mwalimu, nitamuuliza msimamizi kama ana mwanafunzi wa namna hiyo mwenye shahada ya pili. Ila Jumatatu natakiwa kurudisha fomu, na bado sijui niandike nini.

Kutoka: Muuguzi, Kakamega

Dada, senene nimeagiza. Ndugu yangu atafika nao Sirari, mpakani upande wa Tanzania, Jumamosi asubuhi, ndoo mbili. Kuna anayeshuka Isebania, upande wa Kenya, siku hiyo awapokee? Nauli nalipa mimi.