Mrejesho: mkanda wa jeshi wa mama ulioingia jichoni

Wakuu, niliuliza kuhusu mama, aliyetokwa na malengelenge ya mkanda wa jeshi upande mmoja wa paji la uso, kisha jicho la upande huohuo likawa jekundu. Mliosisitiza awahi kwa daktari wa macho, asanteni sana.

Daktari alianza na pua! Kwenye ncha kulikuwa na lengelenge moja, akasema ni dalili ya hatari, maana mshipa wa fahamu unaofika pale ndio unaohudumia na jicho. Akamdondoshea dawa ya rangi ya chungwa, akamulika kwa mwanga wa buluu: michubuko kwenye kioo cha jicho ikang'aa kijani. Bahati nzuri vidonge vya asikloviri (dawa ya kupambana na virusi vya ugonjwa huu) alishaanza ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokee.

Jicho limetulia, anaona vizuri, kliniki anaendelea. Kinachomtesa sasa ni maumivu ya neva, yaani hiyo mishipa ya fahamu. Vidonda vimekauka lakini paji linawaka moto. Hata kitambaa cha kichwa hakivumilii, na kuchana nywele ni machozi. Kaanzishiwa amitriptilini, dawa ya kutuliza maumivu ya neva, dozi ndogo usiku, angalau analala.

Aliyewahi kuuguza maumivu haya, yalichukua muda gani kupungua?