Mrejesho: Nimechagua SQE

Wakuu, niliwauliza: nina LLB (shahada ya sheria) ya Tanzania, naishi Birmingham, Uingereza, nataka kuwa solisita (aina ya wakili wa huku), nipite LPC, ile kozi ya zamani, au SQE, mitihani mipya? Asanteni wote, hata aliyenishauri nirudi nyumbani nikalime matikiti.

Nimechukua SQE. LPC imebaki kwa walioanza njia ya zamani kabla SQE haijaingia Septemba 2021, na mwisho wake ni 2032. Kilichonivuta hasa kwenye SQE ni jinsi unavyotimiza ile miaka miwili ya uzoefu wa kazi inayotakiwa. Huhitaji kusaka mkataba wa mafunzo kwenye kampuni kubwa. Unajumlisha kutoka sehemu hadi nne, hata kituo cha msaada wa kisheria, ilimradi solisita akuthibitishie. Ofisini kwetu, kesi za uhamiaji, mimi ni msaidizi tu, lakini inahesabika na bosi kakubali kunisainia. Hapo nilipumua!

SQE1, hatua ya kwanza, ina mitihani miwili, kila mmoja maswali 180 ya kuchagua jibu. Nasoma watoto wakilala. SQE2, hatua ya pili, tutaiongea nikivuka hii.

Dada uliyeuliza kuhusu mawakili waliokwisha kuapishwa Tanzania: hamdaiwi hiyo miaka miwili, mitihani ndiyo inawasubiri.