Baba ana saratani ya kibofu, ripoti inasema "skwamasi". Kwa nini tiba yake si kama ya wengine?

Ng'wanaMajaruba:

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa kuelewa jambo, hasa kwa mlio kwenye sekta ya afya.

Mzee wangu ana miaka 61, mkulima wa mpunga huku Maswa. Tangu tukiwa wadogo tunajua mzee anakojoa damu mwishoni mwa mkojo. Ikizidi anaenda zahanati, anapewa vidonge vya kichocho, anapata nafuu, anarudi jarubani. Mwaka huu damu ikaja na mabonge, mkojo ukaziba kabisa, akawekewa mpira. Tulipewa rufaa kwenda Mwanza, wakaingiza kamera kwenye kibofu na kuchukua kinyama. Majibu ninayo mkononi: saratani ya kibofu, skwamasi seli kasinoma, daraja la 2, imeingia kwenye msuli. Chini wameandika C67.9 na 8070/3. Kuna mstari mwingine unasema yameonekana mayai ya kichocho.

Daktari amesema apigwe sitiskani (CT scan, picha za ndani ya mwili) ya tumbo na kifua, kisha wataamua kama kibofu kitolewe. Hapo ndipo familia ilipogawanyika. Baba mdogo yuko Dar, rafiki yake naye alikuwa na saratani ya kibofu na hakukatwa kitu. Aliwekewa chanjo ya TB ndani ya kibofu kila wiki na leo anaendelea na biashara zake. Baba mdogo anasema tusikubali kisu, mzee apelekwe akapate dawa hiyo. Shemeji kasoma mtandaoni kwamba skwamasi ni saratani ya ngozi, kwa hiyo anaamini maabara wamechanganya vinyama vya watu. Mimi mwenyewe sielewi kama daraja la 2 ndiyo hatua ya pili.

Kikao cha ukoo ni Jumapili na mimi ndiye mwenye ripoti. Nisaidieni.

Mti_Mkavu:

Pole sana mkuu. Ninavyojua mimi saratani ni saratani, tofauti ni mahali ilipo tu. Mama mkwe wangu alianza na ya titi, baadaye akapata na ya ini, zikawa mbili. Kama kiungo ni kilekile na dawa ilimsaidia yule wa Dar, sioni kwa nini isimsaidie mzee.

MamaWaSlaidi:

Ng'wanaMajaruba, pole mwanangu, na mzee umfikishie pole zangu. Nimestaafu kazi ya maabara ya patholojia hukuhuku kanda ya ziwa. Vinyama vya vibofu vya wakulima wa Maswa, Meatu, Kwimba na Misungwi nimevigandisha kwenye nta, nikavikata na kuvitia rangi kwa miaka mingi, kwa hiyo ulichoandika kimenigusa sana. Soma taratibu, ukimaliza umsomee na baba mdogo.

Nianze na Mti_Mkavu, kwa heshima. Aina za saratani zinapita 100, na kiungo ni swali la kwanza tu. La pili, ambalo mara nyingi ndilo linaloamua dawa, ni seli gani iliyoharibika. Ikianzia kwenye seli zinazotanda juu au ndani ya viungo, kama ngozi, mdomo, umio, mlango wa kizazi au kibofu, au kwenye tezi kama za titi, inaitwa kasinoma, na hizo ndizo nyingi kuliko zote. Ikianzia kwenye mfupa, msuli, mafuta au mishipa ya damu ni sakoma. Seli za kinga zikiharibika ndani ya matezi ni limfoma, na zile zinazotengeneza damu kwenye uboho zinaleta lukemia. Mtoto analetwa taya limevimba, watu wanasema jino au mfupa, kumbe ni limfoma, ile aliyoieleza daktari Denis Burkitt akiwa Mulago, Kampala, mwaka 1958. Uvimbe ule hautibiwi kwa kisu bali kwa dawa za mshipani, na huyeyuka upesi. Ukitazama kiungo peke yake utamkata mtoto taya bure.

Na mama mkwe wako, kwa ulivyoeleza, inawezekana kabisa hakuwa na saratani mbili. Seli za titi zikisafiri hadi kwenye ini zinabaki kuwa za titi na zinatibiwa kwa dawa za titi. Saratani tunaitaja kwa ukoo wake, si kwa kijiji ilikohamia.

Sasa namba za ripoti ya mzee. C67.9 inataja mahali: kibofu, bila kutaja sehemu gani ya kibofu. 8070 ni aina ya seli, ndiyo skwamasi. Hiyo /3 inasema ni saratani kamili, imeanzia palepale na imeshavuka utando. Ingekuwa /0 tungesema ni uvimbe usio saratani, /2 ingekuwa bado imo ndani ya utando haijachimba, /6 ingekuwa imetoka kiungo kingine. Mfumo huo wa Shirika la Afya Duniani ulitoka mara ya kwanza mwaka 1976, na maabara ya Mwanza inatumia uleule unaotumika Ulaya. Yule rafiki wa baba mdogo, kama alitibiwa kwa chanjo ya TB, basi ripoti yake itakuwa na namba nyingine, kama 8120 au 8130: kasinoma ya yurothelia. Hiyo ni saratani nyingine ndani ya kiungo kilekile.

Hapa naomba utulie nami. Kibofu kizima kimetandwa kwa ndani na seli za yurothelia, zinazoweza kutanuka mkojo ukijaa. Kule Ulaya na Marekani kama asilimia 90 ya saratani za kibofu zinatoka kwenye seli hizo, na kisababishi kikubwa ni sigara. Mzee wako alipita njia nyingine. Mnyoo wa kichocho cha mkojo unakaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu na kutaga mayai yenye mwiba. Mengine yanatoboa na kutoka na mkojo, ndiyo ile damu ya mwishoni mliyoizoea. Mengine yananasa ukutani, yanafia humo na kujaa chokaa. Ukuta unavimba, unapona, unavimba tena, miaka nenda rudi, kwa sababu mtu anameza vidonge leo na kesho anarudi kwenye maji yaleyale yenye konokono. Utando ukisumbuliwa hivyo hubadilika, unakuwa wa seli bapa kama za mdomoni au za ngozi. Saratani ikizuka hapo inakuwa ya seli bapa. Ndiyo skwamasi.

Kwa hiyo shemeji hakukosea kwamba ngozi hutoa skwamasi, ila umio na mlango wa kizazi pia hutoa, na kibofu chenye kichocho cha muda mrefu hutoa. Kinyama cha ngozi ya mtu mwingine kisingekuwa na msuli wa kibofu na mayai ya kichocho humo humo. Akiwa bado na shaka, ombeni slaidi zisomwe mara ya pili. Maabara hutunza slaidi na kitalu cha nta, na kuomba hivyo ni haki yenu.

Jambo hili halikuanza kwetu. Misri ndiko Theodor Bilharz alikoutambua mnyoo huu mwaka 1851, na kwa miongo mingi saratani za kibofu za huko zilikuwa hasa skwamasi. Kichocho kilipodhibitiwa, skwamasi ikapungua na yurothelia ikashika nafasi. Mwaka 1994 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka mnyoo huu kundi la 1, yaani visababishi vilivyothibitika, kundi moja na tumbaku.

Sasa chanjo ya TB. Inaamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani ya yurothelia iliyo juujuu, ambayo haijagusa msuli. Mzee anakosa sifa zote mbili: aina siyo, na msuli umeshaingiwa. Kwa skwamasi ya namna hii tiba kuu ni kukitoa kibofu, mgonjwa akiwa na nguvu ya kuhimili, na kumtengenezea njia ya mkojo kwa kipande cha utumbo. Mionzi hutumika zaidi pale upasuaji unaposhindikana. Nakuomba kwa moyo wote, msipoteze miezi Dar mkitafuta dawa ambayo daktari yeyote wa njia ya mkojo atawaambia haimhusu.

Daraja na hatua ni vitu viwili. Daraja tunalisoma kwenye hadubini: la 1 seli bado zinafanana na za kawaida, la 3 zimepotea sura, la 2 ni katikati. Hatua ni umbali ambao saratani imefika mwilini. Mtu anaweza kuwa daraja la 1 na hatua ya nne.

Ng'wanaMajaruba:

Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili, nimempigia baba mdogo nikamsomea yote. Amenyamaza muda mrefu, kisha akaniambia nimtumie picha ya ripoti. Atamwomba rafiki yake ya kwake waangalie namba.

Kwa hiyo hatua ya mzee bado hatuijui?

MamaWaSlaidi:

Marahaba mwanangu. Mnaijua nusu. Msuli ukishaingiwa, kwenye ripoti huandikwa T2 au zaidi. Kama imetoka hadi kwenye mafuta nje ya kibofu ni T3, ikifika tezi dume au ukuta wa nyonga ni T4. Kinyama hakiwezi kuonyesha hayo, sitiskani ndiyo itakayoonyesha, pamoja na matezi ya nyonga, ambayo ni herufi N, na viungo vya mbali kama mapafu, herufi M. Saratani hii inayoletwa na kichocho hupenda kutambaa palepale kwenye nyonga kuliko kurukia mbali, ndiyo sababu upasuaji wa mapema una maana kubwa kwake. Msiahirishe kipimo hicho kwa ajili ya kikao.

Nesi_wa_Simiyu:

Nakazia la mama. Kabla ya sitiskani hakikisheni mzee amepimwa figo, kwa sababu uvimbe wa kibofu unaweza kuziba mirija inayotoka kwenye figo na mgonjwa asihisi chochote mpaka zimeelemewa. Pimeni na wingi wa damu pia, mtu aliyekojoa damu muda wote huo anaweza kuhitaji kuongezewa kabla ya chumba cha upasuaji. Na mwombeni daktari aongee na mzee mwenyewe kuhusu mfuko wa mkojo wa kuvaa tumboni. Nimeona wazee wanakubali vizuri wakielezwa wao, wanakataa wakisikia kwa watoto.

Mti_Mkavu:

Nashukuru mama, nimeelewa. Nitaitafuta ripoti ya mama mkwe nisome ile ya ini.

Ng'wanaMajaruba:

Asanteni sana. Swali la mwisho: wadogo zangu wawili na watoto wao wanalima majaruba yaleyale na kuchota maji lambo lilelile. Wapimwe?

Nesi_wa_Simiyu:

Wapimwe wote, hata asiyeona damu. Mkojo uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana mayai hutoka kwa wingi muda huo, na watoe hasa ule wa mwishoni. Asubuhi sana mnaweza kuambiwa hakuna kitu na wakati kipo. Kama kuna wa familia anayeishi mwaloni ziwani, huyo apimwe na choo, kwa sababu kichocho cha ufukweni mwa ziwa ni kile cha tumbo na ini. Mtu mzima aliyekojoa damu kwa miaka na vidonge havijaikata asiandikiwe vingine tu, aombe utrasaundi ya kibofu.