Mjadala: Je, Afrika ilipokonywa jina la Acacia kwa haki?

Mwenzetu mmoja ameandika kwamba ubishi kuhusu jina la kisayansi la mgunga ni kupoteza wakati, kwa kuwa mti haujui unaitwaje. Mimi ninayeishi Nakuru napinga kauli hiyo, ingawa katika jambo moja kubwa niko upande wa wataalamu.

Jambo hilo ni mgawanyo wenyewe. Kundi lililoitwa Acacia, katika jamii ya mikunde, lilikuwa limekusanya miti isiyo ya ukoo mmoja, na dalili mojawapo huonekana hata na asiyesomea mimea, akishika tawi tu. Mgunga wa kandokando ya Ziwa Nakuru, ule ambao gome lake la kimanjano huacha unga kiganjani, una miiba myeupe iliyonyooka, inayochomoza miwili miwili penye kikonyo cha jani. Jamaa zake wengine wana miiba mifupi iliyopinda kama ukucha wa paka, inayonasa nguo. Wa kwanza sasa ni Vachellia na hao wengine ni Senegalia. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni kuhusu aliyebaki na jina la zamani. Philip Miller alilichapisha mwaka 1754, na spishi iliyowekwa kuwa kielelezo chake, yaani ile ambayo jina la kundi hufungamana nayo, ilikuwa ya Afrika, kwa hiyo kwa kanuni ya kawaida lingebaki na kundi la mti huo. Wataalamu wa Australia, nchi yenye spishi zipatazo 1,000 za kundi lile la zamani lililoitwa Acacia, waliomba kielelezo kibadilishwe ili miti yao isipewe majina mapya. Hoja ya wingi ina uzito, sikatai. Lakini katika kongamano la kimataifa la wataalamu wa mimea huko Vienna mwaka 2005, asilimia 54.9 ya kura zilipinga pendekezo hilo, nalo likapita, kwa sababu kulikataa kulihitaji asilimia 60. Uamuzi ukathibitishwa Melbourne mwaka 2011. Kura hizo hupigwa na waliofika ukumbini, na nauli ya kutoka Kisumu au Nakuru hadi huko si ya mtafiti wa kawaida.

Ndiyo maana mti wetu leo unabeba jina la George Harvey Vachell, kasisi aliyekusanya mimea Uchina.

Katika orodha zangu naandika mgunga kwanza, kisha Vachellia xanthophloea, ili mwanafunzi anayetafuta maandishi mapya asipotee. Anayeona kwamba utaratibu ule ulikuwa wa haki atueleze kwa nini kura za waliokuwa wengi hazikutosha.